Akidi ya Ukurasa wa Thelathini na Nane

Siku ya Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025, saa tatu na robo asubuhi, watu kumi na wawili walikuwa wameketi katika ukumbi wa kanisa moja la Muthangari, kila mmoja akiwa na kitabu kile kile mbele yake. Nzula Ndeti aliwahesabu mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa ncha ya kalamu, na hesabu hizo mbili zilipopatana akaketi. Akidi ya kamati ilikuwa wanane. Walikuwa wametosha na kuzidi.

Kulikuwa na mtu wa kumi na tatu, lakini huyo alikuwa nje barazani, kwenye benchi, na hakuwa mjumbe.

Kitabu chenyewe kilikuwa mwongozo wa watumiaji. Kampuni yao, yenye ofisi katikati ya jiji, ghorofa ya nne, karibu na Mtaa wa Biashara, iliunda visanduku vya kuongozea pampu za visima. Ndani ya kila kisanduku mna programu, na programu hiyo ikikwama, fundi huchomeka waya, hufungua kompyuta yake, na kutumia programu ya pili kuichungulia ile ya kwanza. Huiwekea kituo mahali anapotaka isimame, akatazama inafanya nini hapo, akajua imekosea wapi. Hiyo programu ya kuchungulia huitwa kitatuzi. Mafundi wenyewe husema debaga. Nzula alikuwa mhariri wa mwongozo wake, na kikao cha siku hiyo kiliitishwa ili kupitisha masahihisho tisa madogo kabla ya toleo la tatu kupelekwa kiwandani kuchapwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Mwala na mkazi wa Uthiru. Kazi ya kusahihisha aliianza akiwa msichana, katika kiwanda cha uchapaji cha Eneo la Viwanda, ambako msimamizi wake alimfundisha kuweka rula chini ya mstari anaousoma na kuifunika mistari inayofuata kwa karatasi tupu. Jicho likiachiwa, aliambiwa, hukimbilia mbele na kuona linachokitarajia badala ya kilichopo. Msimamizi alikwisha kufa na kiwanda kilikwisha kufungwa, lakini rula ya mbao na karatasi tupu zilihamia naye kila alikohamia, na asubuhi hiyo zilikuwa juu ya meza, zimelazwa sambamba na ukingo wake.

Kanuni za kamati alizitunga yeye. Kabla ya hapo kila mhandisi aliubadilisha mwongozo apendavyo, na siku moja wawili kati yao walileta visanduku viwili mezani, vikatoa majibu mawili tofauti, wakapigiana kelele mpaka walinzi wakapanda ghorofani kuuliza kuna nini. Tangu hapo kukawa na kanuni, kubwa zake zikiwa hizi: wajumbe wasipungue wanane, masahihisho yajadiliwe kwa kufuata kurasa, kisanduku kisiletwe kikaoni, na mwenyekiti asipige muhuri ila kwa uamuzi wa kamati. Nzula aliziandika kwa mkono wake, akazisoma kwa sauti, na zikapita bila kupingwa. Hata kuhamia Muthangari lilikuwa wazo lake. Mjini mtu husema anatoka mara moja, akashuka ngazi, na maduka yakammeza.

Yule aliyekuwa barazani aliitwa Were, fundi wa maji kutoka Busia, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Mnamo Februari alikwenda kurekebisha kisanduku katika kisima cha soko moja huko kwao, akaufuata mwongozo neno kwa neno. Alipofika ukurasa wa thelathini na nane na kutenda ulivyosema, kisanduku kikafuta kila kilichokuwa ndani yake. Pampu ikanyamaza. Watu wa soko wakarudi mtoni na mitungi kwa zaidi ya wiki nzima, na shirika la maji lililomwajiri likamwandikia barua ya uzembe. Kikao cha nidhamu kilipangwa kufanyika Ijumaa asubuhi, yaani kesho yake. Were alipiga simu ofisini mara nyingi, akazungushwa kutoka dawati hadi dawati, mpaka simu ikamwangukia Nzula.

Nzula aliutoa mwongozo, akaweka rula, akafunika mistari, akasoma. Hatua ya nne na ya tano zilikuwa zimebadilishana mahali. Kitabu kilimwamuru fundi aanzishe kisanduku upya, kisha aondoe kituo. Ilipasa kituo kiondolewe kwanza. Kisanduku kikianzishwa na kituo kingali ndani, programu husimama katikati ya kuamka, nacho hudhani imeharibika na kuifuta yote. Mistari miwili tu.

"Kosa ni la kitabu, si lako," alimwambia. "Njoo Alhamisi. Kamati italipitisha, nitakupa karatasi yenye muhuri, usafiri nayo usiku."

Were akapanda basi la usiku, akafika Nairobi alfajiri, na saa moja na nusu Nzula alimkuta tayari langoni, kofia mkononi, amenawa uso kwenye bomba la mtunza bustani.

Kikao kilifunguliwa kwa sala. Kisha kila mjumbe akasimama na kujitambulisha, jina na idara, ingawa walikuwa wakipanda lifti moja kila siku. Mwenyekiti, Injinia Muigai, mhandisi mkuu, alitoa shukrani kwa kanisa, kwa walioandaa chai na kwa wote waliostahimili msongamano wa barabara. Kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa. Katibu, Veronicah, alikuwa na sauti ya kusomea matangazo ya mazishi, na akazisoma zote.

Walipofika kwenye masahihisho, Yvonne akainua mkono. Yeye ndiye aliyekuwa mhandisi mdogo kuliko wote, na mkoba wake ulikuwa mkubwa kuliko wa kila mtu.

"Madam Nzula, si tuanze na hiyo ya mwisho? Ya peji thelathini na nane. Hiyo ndio iko na mtu ameketi hapo nje. Hizi zingine ni kupaka rangi tu."

"Tunafuata kurasa, Yvonne."

"Na pia boksi nimekuja nayo." Akaugonga mkoba. "Tunaichomeka, tunaona vile inafanya, tunamalizana nayo."

"Kisanduku si mjumbe," Nzula akasema. "Kirudishe mkobani."

Ukumbi ukacheka. Mzee Mwololo, mkuu wa mauzo, mtu mnene aliyeheshimiwa na kila mtu kwa sababu hakuwa na haraka, akafuta miwani yake. "Muache, Madam. Kikiwa mjumbe kitataka chai na mandazi, na mandazi nimeyahesabu."

Nzula naye alitabasamu. Tabasamu hilo alilikumbuka baadaye mchana kutwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la ukurasa wa sita, ambako picha ya waya ilichapwa juu chini. Lilipita. La pili lilikuwa la ukurasa wa tisa: mwongozo ulisema kitufe cha kuanzisha upya ni cha kijani, na Nzula alikuwa ameandika kwamba ni cha buluu.

"Hapana," akasema Mwololo. "Hicho kitufe nimekiuza miaka sita. Ni kijani."

"Mzee, ni blu," akasema Yvonne.

"Blu ni shati la polisi. Hiki ni kijani, ila kimekomaa."

"Sasa niandike nini?" Veronicah akauliza, kalamu juu. "Kijani kilichokomaa?"

"Andika kijani inayoenda kwa blu," mmoja akapendekeza kutoka nyuma.

"Inayoenda ama inayotoka?"

"Mama yangu angeita zote jina moja," akasema mwingine, "na hakuwahi kupotea."

Wakaingia humo. Mjumbe wa ghala alisimulia jinsi rangi hubadilika jua likiipiga plastiki. Mwingine akauliza kama walengwa wa mwongozo ni pamoja na watu wasioona rangi vizuri, na kama kuna sera juu yao. Muigai, aliyeogopa kikao chenye ugomvi kuliko kikao chenye kosa, alipendekeza kura. Saba wakasema kijani, wanne buluu, mwenyekiti hakupiga. Ndani ya mkoba wa Yvonne, chini ya meza ile ile, kitufe chenyewe kilikaa gizani na rangi yake.

Nzula aliandika matokeo. Alitaka kusema kwamba rangi haipigiwi kura, lakini kila aliyesema alikuwa amepewa nafasi na mwenyekiti, kila hoja ilikuwa imetolewa na kuungwa mkono, na hapakuwa na kanuni hata moja iliyovunjwa. Kanuni alizijua vizuri.

Saa nne wakaenda chai. Ilipokwisha walirudi kumi na mmoja. Mama mmoja wa uhasibu alikuwa amepigiwa simu kwamba mwanawe ametapika shuleni huko Karen. Kosa la tatu lilizaa swali la iwapo ukurasa wa shukrani uongezwe majina. La nne liliahirishwa, kisha likarudishwa, kisha likapita kama lilivyokuwa mwanzo. Kila lilipopita moja, Nzula alisogeza karatasi yake tupu mstari mmoja chini, na kila alipoisogeza alimwona Were kupitia mlango ulio wazi, akigeuza kofia kwenye magoti kama mtu anayeikagua kabla ya kuinunua.

Wakati wa chakula cha mchana alimpelekea sahani ya wali na maharagwe.

"Mmefika wapi, Mama?"

"Ukurasa wa kumi na saba."

Were akatafuna kidogo. "Yangu ni ya thelathini na nane."

"Najua, baba. Kula."

"Si kwamba nawaharakisha. Ni vile wale wa kesho hawasikii maneno. Nikiwaambia kitabu ndicho kilikosea, wanasema fundi mbaya hulaumu vifaa. Nina miaka kumi na saba kwa hiyo kazi, na hakuna siku nimeacha watu bila maji kwa mchezo."

"Utapata karatasi yako," Nzula akasema. Alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na mpishi akageuka kumtazama.

Baada ya chakula, wawili walikuwa wamekwenda kutazama gari lao mahali walipoliegesha, na hawakurudi kutoka huko. Wakabaki tisa. Muigai alitaka picha ya pamoja ipigwe kabla jua halijafifia, kwa ajili ya jarida la kampuni. Nzula alisema ipigwe mwisho. Muigai alisema mwisho huwa hakuna watu. Katika hilo hakukosea. Wakapanga mistari miwili kwenye ngazi za ukumbi, warefu nyuma, na kwa kuwa wote walitaka kuonekana, Were ndiye aliyeombwa kupiga.

"Songeni kidogo, wakubwa," Were akasema, akiinua simu ya Muigai kwa mikono miwili. "Mzee wa miwani, inua kidevu. Mama Nzula, cheka kidogo."

Nzula alishindwa.

Makosa ya tano, sita na saba yaliuchukua mchana. La saba lilihusu mshale uliochorwa kuelekea kushoto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Nzula alimkatiza mtu. "Ndugu zangu, mshale! Tunaongea juu ya mshale!" Muigai akamkumbusha kwa upole kwamba kila mjumbe ana haki ya kumaliza hoja yake, kifungu cha sita. Nzula akaomba radhi. Chini ya meza alikuwa ameikamata rula kwa mikono yote miwili.

Wakati huo wingu lilikuwa limesimama upande wa Ngong, zito na jeusi chini. Hakuna aliyelitaja, lakini kila mtu aliliona. Mvua ikinukia tu, mtu wa Nairobi hukumbuka nyumbani; akichelewa, Waiyaki Way itakuwa imejaa magari yasiyosogea, naye atakuwa ndani ya mojawapo. Simu zikaanza kutazamwa kwenye mapaja. Kosa la nane lilikuwa likisomwa pale matone ya kwanza yalipopiga mabati ya baraza, na lilipopita, bila mjadala wowote safari hii, Mzee Mwololo alikuwa amesimama akifunga koti. Jirani yake wa dirishani alimfuata, mkono kifuani kuomba radhi, hali tayari amempa kila mtu mgongo.

Nzula alikuwa ameinama akiupata ukurasa. Aliweka rula. Alifunika mistari. "Kosa la tisa na la mwisho," akaanza, "ukurasa wa thelathini na nane, hatua ya nne na ya tano..."

"Mwenyekiti," Veronicah akasema, "samahani. Tuko saba."

Muigai akahesabu kwa kidole. "Akidi ni?"

"Wanane."

Nzula hakungoja. Aliacha kitabu wazi, akapita mlangoni mbele ya Were bila kumtazama, akashuka ngazi kwenye mvua, viatu vikijaa maji kwenye nyasi. Mwololo alikuwa chini ya kibanda cha mlinzi langoni, gazeti juu ya kichwa, akingojea teksi.

"Mzee, nakuomba. Rudi. Keti tu kwenye kiti. Hata usiseme neno."

"Mwiitu wa asa," Mwololo akamwambia, kama mtu amwitavyo dada yake kwao Ukambani, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, "ningeketi mpaka usiku. Lakini nina kikao cha mazishi mjini, karibu na Tom Mboya. Mjomba wetu anazikwa Jumamosi. Wamenipigia mara tatu. Wako wanne, na mimi ndiye wa tano. Bila mimi hawaanzi."

"Kwa nini wasianze?"

"Akidi."

Nzula akamkodolea macho. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele.

"Huko nako tuna kanuni," akasema Mwololo. "Tulikuwa tunapigana sana. Nikachukua zile zako, nikabadilisha jina la kampuni nikaweka la ukoo. Zimetusaidia, Madam. Zimetusaidia sana." Teksi ikafika. Alimwachia lile gazeti ajifunike, akaingia kwa kujikunja, na gari likatoka likirusha maji.

Aliporudi ukumbini, Muigai alikuwa akipanga karatasi zake. Kasha la muhuri lilikuwa mbele yake, limefungwa.

"Injinia," Nzula akasema, akihema, "ukurasa huu uliandikwa na wewe. Mpangilio wa kweli unaujua?"

"Naujua."

"Hatua hizi zimegeuzwa?"

"Zimegeuzwa. Nilipouona waraka wako wa masahihisho nilijua mara moja."

"Basi piga muhuri. Kuna mtu hapo nje atafukuzwa kazi kesho."

Muigai aliushika muhuri, akaupima uzito mkononi, akaurudisha. "Dada Nzula, muhuri ni wa maamuzi ya kamati. Nani aliandika hivyo?"

Nzula alikamua maji kwenye nywele.

"Nikiupiga leo bila akidi, kesho mwingine ataniletea lake, na wewe utakuwa wa kwanza kunikatalia. Nakujua. Na nitakuwa sina jibu. Tukutane tena, iwe ajenda ya kwanza."

"Lini?"

"Alhamisi ijayo watu watakuwa barabarani kwenda Pasaka. Basi ile ya baadaye. Tarehe ishirini na nne."

"Kikao cha Were ni kesho!"

"Nimesikia, dada. Naumia pia." Na kweli alionekana kuumia. Alifunga kikao kwa maneno machache, akaliingiza kasha ndani ya mkoba, akafungua mwavuli. Watu watatu waliomba kuandamana naye mpaka garini, kwa kuwa mwavuli ulikuwa mkubwa.

Nzula aliketi. Hasira yake kwanza ilikuwa kwa Muigai, kisha kwa Mwololo na mjomba wake, kisha kwa mvua. Ilizunguka ukumbi mzima ikitafuta pa kutua, viti vitupu, vikombe, mabaki ya mandazi, ikarudi kwenye karatasi tupu iliyokuwa bado imefunika nusu ya ukurasa. Makosa manane ya bure yalikuwa yamepita, kwa mpangilio mzuri wa kurasa. La tisa lilikuwa chini ya karatasi yake mwenyewe, mahali alipolificha tangu asubuhi ili jicho lisilikimbilie.

Were alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote, maana ukumbi haukuwa na pazia. "Ni sawa, Mama," akasema. "Acha niende nitafute basi."

"Madam," Yvonne akasema taratibu, "boksi bado iko kwa begi."

Nzula aliugeukia mkoba. "Itoe," akasema.

Kisanduku kilikuwa kidogo kama kopo la majani ya chai. Yvonne alikichomeka kwenye kompyuta yake, taa yake ya kijani ikawaka. Were alipoambiwa akae aonyeshe yaliyompata, alirudisha mikono nyuma. "Mimi sigusi. Nikigusa watasema ni mimi. Lakini kama mnataka kuonyesha mtu, muonyesheni yule atakayekaa kwa kiti cha hukumu kesho." Akatoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akampigia mkubwa wake, Bwana Ochola, kwa video.

Uso wa mzee ukatokea, karibu mno, pua na miwani. "Were! Uko wapi? Nasikia umekimbia."

"Sijakimbia, bosi. Niko Nairobi na wenye kitabu. Wanataka uone kitu."

"Wenye kitabu? Wakubwa?"

"Mimi ni mhariri," Nzula akasema, akijisogeza mbele ya simu, nywele zingali zinadondoka. "Sina muhuri. Nitasoma ukurasa huu na kutenda unavyosema, mstari kwa mstari. Wewe tazama mikono yangu."

"Ukurasa gani? Ngoja nichukue cha kwetu." Zikasikika droo. "Haya. Thelathini na nane."

Nzula aliweka rula chini ya mstari wa kwanza, akafunika mingine, na kwa mara ya kwanza siku hiyo karatasi ile tupu ilikuwa na kazi. Alisoma, akatenda. Alisoma, akatenda. Veronicah alikuwa amerudi mezani akisimama nyuma yake, koti begani. Yvonne alishika simu.

"Hatua ya nne. Bonyeza kitufe cha kuanzisha upya."

"Kile cha blu?" Ochola akauliza.

"Kamati imeamua ni kijani," akasema Nzula, akakibonyeza.

Taa ya kisanduku ikapepesa mara chache, ikazimika. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea neno moja tu, kwamba hamna programu. Mvua ilikuwa ikipiga paa.

"Rudia," akasema Ochola.

"Hairudiki, bwana. Imekwisha kufutika. Hilo ndilo kosa lenyewe."

Yvonne alikuwa na nakala ya programu, akaipachika upya huku Ochola akingoja na kukohoa. Kisha Nzula akafanya tena, safari hii akiondoa kituo kwanza. Kisanduku kikazimika, kikaamka, taa ikakaa.

"Were," akasema Ochola.

"Ndiyo, bosi."

"Panda gari urudi. Hiyo habari ya kesho nitaiondoa mimi mwenyewe. Nitawaambia nimeona." Were aligeuza uso ukutani, akaifuta pua kwa kofia. "Na wewe Madam, ngoja kwanza. Hiki kitabu mtakirekebisha lini?"

"Baada ya Pasaka," Nzula akasema. "Akidi ikipatikana."

"Kwani akidi ndiyo inajua? Si umeona sasa hivi?" Sauti ilikuwa ya mshangao tu. "Na mafundi wengine walio nacho? Hapa kwetu peke yake tuko na visima ishirini."

Mtandao ukakata uso wa mzee katikati, ukamrudisha, ukamkata tena.

Were aliaga kila mmoja kwa mkono. Alipofika kwa Nzula alimshika kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Mungu akubariki, Mama. Mimi nilidhani ni kitu cha siku nzima. Kumbe ni dakika hizo tu."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Nzula alimtazama akishuka ngazi na kuvuka nyasi, gazeti la Mwololo juu ya kichwa, mpaka mlinzi alipomfungulia. Kisha akarudi mezani, akavikusanya vikombe vilivyokuwa karibu naye kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika, akaviacha pale pale.

"Madam," Veronicah akauliza, "kwa hii ya tisa niandike nini?"

"Andika: haikujadiliwa kwa kukosa akidi."

"Na hii tumefanya sasa?"

"Hiyo haikuwa kikao." Alifungua simu yake, akaanza kutafuta majina ya mafundi, mmoja baada ya mwingine, bila kufuata mpangilio wowote. "Andika na waliosalia. Kanuni inataka waandikwe."

Veronicah akaketi, akavuta karatasi, akaandika. Waliohudhuria asubuhi: kumi na wawili. Waliosalia jioni: watatu. Nzula Ndeti, mhariri. Yvonne, mhandisi. Veronicah, katibu.